Hoteli ndogo juu ya ghuba ya Kigoma: chumba cha kusifiwa, meza ya asubuhi ya kurekebishwa

Kwa miaka mingi hoteli za bei ya juu mjini Kigoma zimejengwa kwa kumfikiria mgeni anayepita: mtalii anayesubiri boti ya kwenda Gombe au Mahale, mfanyakazi wa shirika la kimataifa anayerejea kutoka kambi za wakimbizi, ofisa aliyeletwa mjini na semina. Mkazi wa Mwanga, Katubuka au Ujiji huziona hoteli hizo akiwa nje ya geti au akiwa amealikwa harusini, na ni nadra kufikiri kwamba chumba cha humo kinaweza kuwa chake kwa usiku mmoja. Mimi na mume wangu tuliamua kuadhimisha mwaka mwingine wa ndoa yetu kwa kulala katika mji wetu wenyewe, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana, katika hoteli ndogo ya kifahari iliyojengwa kwenye mteremko unaotazama ghuba.

Jina la hoteli hiyo naliacha. Meneja aliyenisikiliza Jumapili aliomba apewe muda wa kuyafanyia kazi malalamiko yangu, na kwa namna alivyokaa akayaandika kwenye daftari lake bila kunikatiza, nimeona ni haki kumpa muda huo. Ninachokusudia ni kumsaidia msomaji, hasa Mtanzania anayelipa kutoka mfukoni mwake na si kwa fedha za ofisi, ajue malipo ya namna hii yanampatia nini na yanamnyima nini. Swali nililokwenda nalo lilikuwa hili: je, nyumba ya daraja hili inajua kumpokea mwenyeji kama inavyojua kumpokea mtu wa mbali?

Chumba kinachotazama ziwa kinatozwa shilingi 320,000 kwa usiku kwa watu wawili, pamoja na kifungua kinywa na kodi ya ongezeko la thamani. Cha upande wa bustani ni shilingi 240,000. Ni fedha nyingi. Kwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho mtu hupata Mwanga chumba safi chenye feni, chandarua na maji, na mwenye nyumba akamwamkia kwa upole asubuhi. Kwa hiyo hoteli inayodai kiasi hiki haiwezi kusifiwa kwa usafi pekee, kwa kuwa usafi ni haki ya kila anayelipia kitanda. Nimefurahi kuona bei zote zimeandikwa kwa shilingi. Kabla ya kanuni za mwaka 2025 zilizokataza bidhaa na huduma za humu nchini kutangazwa kwa fedha za kigeni, nyumba nyingi za aina hii zilizoea kuandika dola, na mwenyeji aliisoma karatasi ya bei akijihisi amefungua barua isiyo yake.

Tulifika kwa bajaji, nami nalitaja hilo kwa makusudi, kwa kuwa getini ndipo hoteli nyingi za kifahari zinapoanza kuwagawa watu. Mlinzi hakutuuliza tumekuja kumwona nani. Alitusalimu, akamwelekeza dereva apande hadi mlangoni badala ya kutushusha barabarani na mizigo, kisha akatutangulia kwa miguu. Mapokezi hakuna kaunta ndefu ya kusimama mbele yake; kuna meza pana ya mninga na viti vyenye mito, na msichana aliyekuwa zamu alinyanyuka, akamwamkia mume wangu shikamoo, akageuka kwangu: “Shikamoo mama, karibuni sana, poleni na jua.” Tukaketi, tukaletewa vitambaa vilivyoloweshwa maji baridi na juisi ya ukwaju isiyo na sukari nyingi, na kitabu cha wageni tukakijaza tukiwa tumekaa. Aliuliza kama kuna chakula tusichokula, kama tunapendelea chandarua kifungwe mapema, na kama tungependa chakula cha usiku kiandaliwe saa ngapi, kisha yote akayaandika. Baadaye niligundua kwamba maandishi hayo yalisomwa jikoni na kwa wasafishaji wa vyumba, maana hakuna aliyetuuliza jambo lile lile mara ya pili.

Nyumba yenyewe ina vyumba kumi na viwili kwa ghorofa mbili, na hapa ndipo sifa yangu kubwa ilipo, hivyo nitakaa kidogo. Kigoma iko ufukwe wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Mandhari yote ya thamani iko magharibi, na magharibi ndiko jua la alasiri linakotokea. Kuanzia saa tisa hadi jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo, ukuta wowote unaolikabili ziwa huchomwa bila huruma, na wajenzi wengi hupambana na hali hiyo kwa kuweka vioo visivyofunguka na kuwasha kiyoyozi mchana kutwa, hata mgeni akaishia kulitazama ziwa kama anavyolitazama kwenye kalenda. Aliyeichora hoteli hii alifikiri kwa utaratibu mwingine. Kila chumba cha upande wa ziwa kina baraza yenye kina kirefu, paa lake likishuka kiasi kwamba jua la saa kumi huishia kwenye sakafu ya baraza wala halifiki kitandani. Milango ni ya mbao yenye vibao vilivyoinamishwa vinavyopitisha hewa hata ikiwa imefungwa, na ndani yake kuna mlango wa pili wa wavu dhidi ya mbu.

Kuna jambo jingine ambalo nisingeliona kama mume wangu, aliyekulia Katonga miongoni mwa wavuvi, asingelieleza. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, ukateremka kutoka vilimani kwenda majini. Nyumba yenye madirisha upande wa ziwa peke yake hupata hewa mchana na kukosa usiku, saa ambazo mtu anaihitaji zaidi. Katika hoteli hii ukumbi unaopita nyuma ya vyumba haukuzibwa kwa ukuta mzima, bali kwa matofali yenye matundu, na juu ya mlango wa kila chumba kuna kidirisha cha wavu kinachofunguliwa kwa kamba. Tulikifungua, tukazima kiyoyozi, tukaacha feni izunguke taratibu, na upepo wa vilimani ukapita juu ya kitanda hadi barazani usiku kucha. Sijalala vizuri namna hiyo kwa muda mrefu. Kiyoyozi kipo, kinafanya kazi na hakina kelele, lakini anayelipia chumba hiki asikiwashe kabla ya kujaribu kidirisha cha nyuma.

Kitanda ni kipana na godoro lake ni gumu kiasi cha kuutegemeza mgongo. Shuka ni za pamba halisi, nyeupe, zilizopigwa pasi, na chandarua ni cha pembe nne kinachoning’inia kwenye fremu ya mbao, si kile cha duara kinachomgusa mtu usoni kila anapogeuka. Samani zote ni za mninga, zimechongwa na mafundi wa hapa hapa na kupakwa nta badala ya vanishi ya kung’aa. Sakafuni kuna mikeka ya ukili. Kabati lina nafasi ya kutundika gauni refu bila kulikunja, taa ya kusomea iko upande wa kila mlalaji na ina swichi yake, na soketi za umeme zimewekwa mahali ambapo mkono unafika bila kuinuka kitandani. Haya ni mambo madogo ambayo huonyesha kwamba kuna mtu aliyelala katika chumba kabla ya kukiuza.

Baraza ndiyo iliyotufanya tusitoke Ijumaa usiku. Chini upande mmoja huonekana bandari na jengo la stesheni, mwisho wa reli ya kati iliyofika hapa mwaka 1914. Upande mwingine ni maji mpaka upeo wa macho. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kikubwa kabisa, la pili duniani baada ya Baikal, na mtu anayelitazama akiwa juu ya mteremko huelewa kwa nini rangi yake haifanani na ya maji mengine. Tulikuwa tumechagua siku za giza kwa makusudi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na mwezi unapong’aa taa hazina kazi, hivyo mitumbwi hubaki ufukweni. Lakini usiku wa giza huwasha taa zao kwa mamia, na juu ya maji hutokea mji mwingine unaosogea polepole mpaka alfajiri. Wageni wengi hawalijui hili, na hoteli haiwaambii wakati wa kuhifadhi chumba. Ningekuwa meneja ningeiweka kalenda ya mwezi mapokezini na kumshauri kila anayepiga simu. Vivyo hivyo kwa milima ya Kongo: katika miezi ya Agosti na Septemba moshi wa mbuga zinazochomwa hutanda juu ya ziwa na kuificha kabisa, na anayetaka kuiona waziwazi afadhali aje katika majira ya mvua, asubuhi inayofuata mvua kubwa.

Bafu ni pana, vigae vyake havitelezi na maji yana nguvu, kwa kuwa hoteli ina matangi yake juu ya mteremko. Tatizo ni maji ya moto. Yanapashwa kwa mionzi ya jua juu ya paa, na siku mawingu yanapotanda alasiri, kama ilivyokuwa Ijumaa, kufikia saa tatu usiku bomba hutoa maji ya uvuguvugu tu. Hita ya umeme ya kusaidia ipo, ila huwashwa na fundi aliyeko chini, na fundi hupigiwa simu na mapokezi baada ya mgeni kulalamika. Kwa bei hii mgeni asilazimike kuomba maji ya moto. Umeme nao ulikatika Ijumaa hiyo hiyo. Jenereta iliwaka kabla hatujapapasa tochi, na kwa kuwa imefungiwa kwenye nyumba yake chini ya mteremko, upande wetu hatukuisikia. Wenyeji tulioishi miaka mingi katika mji uliotegemea jenereta za dizeli tunajua tofauti kati ya jenereta iliyowekwa mahali pake na ile inayonguruma chini ya dirisha. Wanaolala vyumba vya bustani wamesogezewa kelele hiyo, na tofauti ya shilingi 80,000 kati ya pande mbili, kwa maoni yangu, inaanza kueleweka hapo.

Chakula cha usiku ni cha kiwango cha juu, na nasema hivyo nikiwa mtu niliyelishwa samaki wa ziwa hili tangu utotoni na nisiyeridhika kirahisi. Jikoni kuna mama wa makamo kutoka Ujiji ambaye hakusomea hotelini; amepika kwenye shughuli za watu maisha yake yote. Mgebuka wake huchanjwa, hupakwa chumvi, ndimu na kitunguu saumu, kisha hubanikwa juu ya makaa mpaka ngozi ikauke bila nyama kukauka. Kuhe, ambaye ana nyama nyeupe iliyoshikamana, alimpika mchuzi wa nyanya na mawese machache, kiasi cha kuleta harufu bila kufunika ladha ya samaki. Sombe, yaani kisamvu, ilitwangwa, haikusagwa kwa mashine, na ilichemshwa muda wa kutosha. Ugali ulikuwa wa muhogo, laini, unaovutika, na ulipoisha tuliletewa mwingine wa moto bila kuombwa. Niliuliza samaki wametoka wapi, na mhudumu akanijibu bila kusita kwamba mpishi huteremka Kibirizi mwenyewe mapema asubuhi mitumbwi inaporudi, na siku ambazo hakuridhika na alichokikuta hubadilisha orodha ya chakula badala ya kutoa samaki wa kwenye jokofu. Anayepanga kuja katikati ya mwaka aulize kwanza kuhusu uvuvi: mwaka 2024 serikali ilifunga shughuli za uvuvi ziwani kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wapate kuzaliana, na katika kipindi cha namna hiyo meza niliyoisifu hapa haiwezi kuwa ile ile.

Ndiyo maana kifungua kinywa kilinisikitisha. Jumamosi asubuhi, juu ya meza ya mninga, mbele ya ziwa, tuliwekewa kahawa ya unga ya pakiti ya kukorogwa, juisi ya boksi, soseji zilizotoka kwenye friza, mkate mweupe wa kukatwa, na jemu ya vikopo vidogo. Kahawa inalimwa Kalinzi na Matyazo, mwendo mfupi kwa gari kutoka hapo. Ni kahawa ya arabika ya milimani inayonunuliwa na watu wa nchi za mbali, na hoteli ya bei ya juu kuliko karibu zote mjini haina hata birika moja la kuichemshia. Chumvi ya Uvinza imekuwa ikichemshwa na kusafirishwa kwa karne nyingi kabla ya reli kufika, lakini mezani kulikuwa na vipakiti vya chumvi kutoka kwingine. Maembe, mapapai na ndizi za Kasulu hujaa soko la Mwanga, nasi tuliletewa vipande vichache vya tikiti maji.

Nilimuuliza mhudumu kama naweza kupata uji, au viazi vitamu vya kuchemsha, au hata kiporo cha ugali kilichochomwa na dagaa wa jana. Alisema kwa adabu kubwa, “Mama, asubuhi mpishi wetu hayupo, anaingia saa nne, asubuhi tunapanga tu.” Nadhani jibu hilo ndilo kiini cha tatizo. Mwenye hoteli ametumia akili na fedha zake kumpata mpishi anayeijua Kigoma, kisha saa ambayo kila mgeni bila kubagua hukaa mezani, akaiacha mikononi mwa friza. Meneja alinieleza kwamba wageni wa nje wamezoea chakula cha aina hiyo asubuhi. Sikubaliani naye. Mgeni wa nje anayekula soseji za friza Kigoma amekula kitu alichokiacha kwao kikiwa bora zaidi, na mwenyeji anayelipa shilingi 320,000 ananyimwa kile anachokila nyumbani kwake kila siku kikiwa kitamu. Jumapili tuliletewa viazi vitamu na chai ya tangawizi baada ya mhudumu yule yule kuagiza usiku. Vilikuwa vizuri sana, na vilithibitisha kwamba kinachokosekana si uwezo.

Jumamosi mchana hoteli ilitupatia gari na kijana wa kutuongoza hadi Ujiji. Ni kilomita chache, na sisi tunaijua njia, lakini nilitaka kuona mgeni anaambiwa nini. Kijana alilifahamu eneo vizuri: alieleza misafara ya pembe na ya watumwa iliyotoka hapo kupitia Tabora hadi Bagamoyo, jinsi Stanley alivyomkuta Livingstone mwaka 1871, na miembe iliyopo kwenye makumbusho. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hakuishia kwa wazungu wawili. Alizungumza kuhusu Waswahili, Waarabu, Wamanyema na Waha waliokuwa wakiujenga mji wakati ule, akatupitisha kwenye mitaa ya zamani yenye nyumba za baraza. Malipo yalitajwa kabla ya kuondoka na hayakubadilika. Tuliporudi tuliogelea kwenye bwawa, ambalo ni dogo lakini maji yake ni safi na huchujwa kila siku. Wapo watakaouliza kuna haja gani ya bwawa kando ya ziwa. Jibu ni kichocho, ambacho kipo kwenye fukwe zilizo karibu na makazi ya watu, na mamba ambao hawajatoweka kabisa.

Alasiri hiyo binti yetu alikuja kutusalimu na mtoto wake, na huu ndio ulikuwa mtihani niliousubiri. Katika hoteli nyingi ndugu wa mgeni Mtanzania husimamishwa getini, huhojiwa, na kama hakuagiza kitu hutazamwa mpaka aondoke mwenyewe. Hapa mapokezi walimwandikisha, wakamweleza kwa upole kwamba wasiolala hotelini hawapandi vyumbani, wakatuita, wakatupa meza kivulini kwenye bustani na kutuletea maji bila kuyatoza. Mtoto alipewa ndizi. Utaratibu wa usalama ulizingatiwa na hakuna aliyefedheheshwa. Swali nililokuja nalo lilipata jibu lake hapo, na ni jibu zuri.

Kisha usiku ukaingia, na bustani ile ile ikageuka ukumbi wa sherehe. Kuanzia saa kumi na moja jioni vijana walikuwa wakipanga viti na spika, na saa mbili usiku muziki ulianza. Ilikuwa sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, yenye furaha na watu waliopendeza, na sina neno lolote dhidi ya wenye shughuli. Nao walilipia mahali. Nina neno na hoteli. Tulipohifadhi chumba tuliambiwa kwamba nyumba hii inauza utulivu, na neno hilo limeandikwa hata kwenye karatasi iliyoko chumbani. Hakuna aliyetuambia kwamba Jumamosi bustani imekodishwa. Mshereheshaji alishika kipaza sauti kwa saa nyingi, vioo vya meza ya kujipambia vikatetemeka, na barazani, ambako usiku uliotangulia tulikuwa tukisikia injini za mitumbwi zikififia mbali, hatukuweza kusikilizana. Muziki ulizimwa karibu saa saba.

Niliposhuka kulalamika saa nne, kijana wa zamu aliomba radhi kwa dhati na akapendekeza kutuhamishia chumba cha mwisho wa ukumbi, mbali na bustani. Tulikubali, na wasafishaji wawili wakahamisha vitu vyetu bila kusahau hata miwani. Kelele zilipungua, hazikuisha. Ninaelewa hesabu ya mwenye hoteli: vyumba kumi na viwili katika mji ambao watalii wake huja zaidi kati ya Juni na Oktoba haviwezi kulipa mishahara mwaka mzima, na sherehe za Jumamosi huenda ndizo zinazowaweka wafanyakazi kazini Machi na Aprili. Lakini kuna njia za haki. Mgeni aambiwe kabla hajalipa, achague usiku mwingine au apunguziwe. Spika zielekezwe ziwani badala ya vyumbani. Na saa ya kuzima muziki iandikwe kwenye mkataba wa kukodi bustani na isimamiwe. Nililipa bei kamili ya utulivu nisioupata kwa usiku mzima wa pili, na haikunijia akilini kwamba ningelazimika kulisema hilo mimi ndipo lijadiliwe.

Wafanyakazi ndio waliotufanya tusiondoke na kinyongo. Mtunza bustani, mzee mwenye sauti ya chini, alitusalimu kwa Kiha “Mwakeye” kila asubuhi kabla hajauliza kama tumelala vipi, na Jumapili alikuja mwenyewe kutupa pole kwa kelele ingawa si yeye aliyezileta. Msafishaji aliona kwamba mume wangu anatumia mito miwili upande mmoja, na siku iliyofuata akaipanga hivyo. Nguo mbili tulizopeleka kufuliwa zilirudi jioni ile ile zikiwa zimekunjwa kwenye kapu la ukili, na kifungo kilicholegea kwenye shati kilikuwa kimeshonwa. Hakuna aliyenyoosha mkono kutaka bahasha. Sehemu ya kuweka asante iko mapokezini, ni sanduku moja la wote, na mpishi na mlinzi hugawiwa sawa na wahudumu wa mezani, utaratibu ambao ningependa hoteli nyingine ziuige.

Ankara ya Jumapili ililetwa ikiwa na maji ya chupa yaliyokuwa kwenye jokofu la chumbani, wakati karatasi ya bei ilisema ni ya bure. Tuliionyesha, yakafutwa pale pale bila mabishano, na risiti ya mashine ya kielektroniki ikatolewa kabla hatujaiomba. Muda wa kutoka ni saa nne asubuhi, mapema mno kwa watu waliolala saa saba kwa sababu ya hoteli yenyewe, na baada ya kuzungumza na meneja tuliruhusiwa kukaa hadi saa saba mchana. Bei haikupunguzwa. Alituahidi usiku mmoja wa bure siku nyingine, na ahadi hiyo ameitia saini kwenye karatasi yenye muhuri.

Anayetaka chumba katika hoteli ya aina hii apige simu badala ya kuhifadhi kwa mtandao pekee, na aulize waziwazi: bustani imekodishwa Jumamosi hiyo au la, mpishi anaingia saa ngapi, hita ya umeme inawashwa na nani, na chumba anachopewa kiko ghorofa gani. Katika hii niliyoieleza, vyumba vya juu vilivyo mwisho wa kaskazini ndivyo vilivyo mbali zaidi na bustani na vina baraza pana kuliko vingine, bei ikiwa ile ile.